Kujifunza kuigiza ukubwani: pa kuanzia

Nilipanda jukwaani mara ya kwanza nikiwa na miaka 34 na watoto watatu, katika kiwanja cha skuli moja hapa kisiwani Lamu. Nilipewa nafasi ya baba aliyepotelewa na mwanawe baharini. Nililia machozi ya kweli. Mchezo ulipokwisha, bibi mmoja jirani yetu akaniita kando, akanishika mkono, akaniuliza: "Mwanangu, yule mkeo alikuwa akisema nawe. Wewe ulikuwa wamtazama nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nawatazama wao, nione kama machozi yangu yamewaingia. Swali la bibi yule nimelifanyia kazi miaka mingi sasa, na yote nitakayokueleza hapa yametoka humo. Kuigiza ni kumfanyia mtu jambo. Mtazamaji anakuja kuona Juma akimfanya nini Asha, na Asha akimrudishia nini Juma. Hisia zako zitakuja zenyewe au hazitakuja, wala hazikuhitaji uzisimamie.

Nakuandikia wewe mtu mzima: seremala, mwalimu, mama wa nyumbani, mshona kofia, nahodha, uwe wa Lamu mjini, Shela, Matondoni au hata Malindi. Mtoto ana wepesi wa mwili na hana haya. Wewe una hazina ambayo mtoto hana. Umeshambembeleza mdai akuongezee wiki. Umeshamficha mgonjwa habari ya msiba mpaka apate nafuu. Umeshakaa sebuleni kwa watu unachumbia, huku unasomwa toka unyayo hadi utosi. Kazi iliyobaki ni kujifunza kuyafanya hayo kwa makusudi, mbele ya watu, na mara ya kumi yawe mapya kama mara ya kwanza.

Kwanza kabisa: mwenza na mahali

Usijifunze mbele ya kioo. Kioo hukuzoesha kujitazama, na kujitazama ndiyo maradhi yenyewe. Tafuta watu wawili, mpate kuwa watatu: wawili wanacheza, mmoja anatazama, kisha mnabadilishana. Si lazima wawe marafiki wa chanda na pete. Rafiki wa hivyo hucheka upesi. Wekeaneni siku mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila siku, kwa wiki 12. Sisi hukutana baada ya Isha, na mwezi wa Ramadhani tunapumzika.

Nyumba zetu za zamani ni nzuri sana kwa kazi hii. Kiwanda, yaani ule ua wa ndani ulio wazi juu, una kuta nene zinazorudisha sauti na hakuna anayepita. Kama hukujaliwa nyumba ya namna hiyo, darini patafaa, au darasa tupu jioni. Barazani usianze. Mpita njia mmoja akitupa neno tu, mwenzako ameshafunga moyo na kumfungua tena ni kazi ya wiki nzima.

Na hili la haya lazima lisemwe wazi, kwa sababu ndilo linalowarudisha watu nyumbani. Unaogopa kuambiwa "mtu mzima hovyo". Waambie watu wa nyumbani kwako mapema unachokwenda kufanya, kabla hawajaambiwa na jirani. Na kabla ya zoezi la kwanza, kaeni mkubaliane mipaka: nani anaweza kumgusa nani, maneno gani hayasemwi, nani hataki kupigwa picha. Kwetu, mwanamume na mwanamke wasiokuwa maharimu, yaani wanaoweza kuoana, hawagusani, basi, na mchezo haukupungua kitu. Tumewahi kucheza ugomvi wa mume na mke huku kuna hatua tatu baina yao tangu mwanzo hadi mwisho. Zile hatua tatu ndizo zilizowakaza watazamaji, kila mmoja akingoja nani atapunguza ya kwanza. Kinamama wetu wana siku yao, wanafanya peke yao ndani, na kazi yao nimeisikia kwa mbali tu nikajua wametupita.

Hatua ya kwanza: pumzi, sauti, herufi

Lala chali juu ya mkeka. Mkono mmoja juu ya kitovu, mmoja kifuani. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka 4. Mkono wa tumboni uinuke, wa kifuani utulie. Chini ya mapafu kuna kiwambo, msuli uliovimba juu kama kawa la kufunikia chakula. Ukivuta pumzi kawa hilo hujibonyeza chini, mapafu hujaa, na tumbo husogezwa mbele. Toa pumzi polepole kwa sauti ya "sss" ukihesabu mpaka 10. Wiki ya pili hesabu 15, ya tatu 20. Dakika tano zinatosha, ila ziwe za kila siku.

Halafu nenda ukingoni mwa bahari na mwenzako wakati upepo wa kusi unavuma. Simameni hatua kumi mbalimbali. Mwambie: "Jahazi limeingia, lakini nahodha hayumo." Kisha hatua ishirini. Usipige kelele. Fanya kama unavyomwita mtu aliye kwenye mashua pale maji yanapokuwa baina yenu: unafungua kinywa, unarefusha irabu, unamlenga yeye. Akikusikia sawasawa atainua mkono. Koo likianza kuwasha, acha siku hiyo. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nakamua sauti kooni na nikabaki siku mbili nanong'ona.

Zoezi la herufi ni letu hasa, na sijaona wageni wakilifundisha. Weka kiganja mbele ya kinywa, sema "paa" la nyumba, kisha "paa" mnyama. Sema "kaa" la moto, kisha "kaa" wa pwani. Kwa mtu wa Lamu anayesema kama walivyosema wazee wake, yule mnyama na yule wa pwani hutoka na pumzi inayopiga kiganja. Paa la nyumba na kaa la moto havina pumzi hiyo. Fanya mpaka kiganja kijue tofauti bila sikio kusaidia. Hapo utakuwa umeanza kulisikia neno, maana wengi wetu hulipita tu. Baada ya hapo sema haraka mara tano: "Pita Pate upate papa, papa apikwe, pweza apakwe pilipili."

Watu huniuliza waigize kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, au kwa Kiswahili sanifu. Jizoeze kwa lugha uliyolilia ukiwa mtoto. Kama nyumbani husema "ndoo" kwa "njoo" na "mato" kwa "macho", anza hivyo hivyo. Mtu akiigiza kwa lugha aliyoipata darasani, uso wake hukaa kama wa anayefanya mtihani. Sanifu utaiongeza baadaye, mhusika akiitaka.

Hatua ya pili: kutazama watu

Keti Mkunguni, ule uwanja wa Lamu mjini ulio mbele ya Ngome, saa moja asubuhi au saa kumi jioni. Chagua mtu mmoja tu. Mtazame kwa adabu, bila kumkodolea, dakika kumi. Katika daftari andika mambo matatu: uzito wa mwili wake unakaa wapi, mikono yake inafanya nini asipokuwa na kazi, na anabadilika vipi anapokuja mtu aliye mkubwa au mdogo kwake.

Hilo la tatu ndilo lenye faida kubwa. Niliwahi kumtazama hamali mmoja aliyekuwa amekaa juu ya gunia, magoti wazi, mikono imelegea. Akapita mzee mwenye bakora. Hamali hakusimama. Alivuta miguu pamoja, akashusha kidevu kidogo, na mkono wa kulia ukaenda wenyewe kifuani kabla hajatoa salamu. Mzee alipopita, magoti yakafunguka tena, lakini mkono ulibaki kifuani sekunde mbili tatu zaidi, kama umesahauliwa. Ule mkono uliosahauliwa nimeutumia jukwaani mara nyingi.

Usimwige mtu huyo mbele za watu, wala usimtaje. Unachukua mwendo, jina unaliacha pale pale.

Hatua ya tatu: kofia bila kofia

Uta Hagen, mwigizaji aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1919 na akafundisha miaka mingi New York, alikuwa akiwapa wanafunzi wake mazoezi ya kufanya kazi za kila siku kwa uangalifu mkubwa, kazi wanazozifanya nyumbani bila kufikiri. Sisi tumelichukua wazo hilo tukalitia katika kofia za vito, zile zinazotariziwa kwa mkono kwa sindano na uzi.

Kama hukuwahi kushona, mwombe anayeshona akuruhusu umtazame, kisha akuachie ujaribu vito viwili vitatu. Tazama anavyofanya. Anakata uzi, anaulowesha ncha kwa midomo, anaupinda kidogo kwa vidole, anauinua na sindano kwenye mwanga. Jicho moja linajikunja. Uzi ukikosa tundu, hamkasirikii mtu, anaulowesha tena. Kisha kitambaa kinakaa juu ya kidole cha mkono wa kushoto, na kidole hicho ndicho kinachojua sindano imefika wapi kwa sababu huchomwa kidogo kila inapopenya. Uzi unavutwa mpaka unakaza, usizidi, ukizidi kitambaa hufanya mkunjo.

Sasa weka vyote pembeni. Keti ufanye hayo hayo bila sindano, bila uzi, bila kofia, dakika tano nzima. Mwenzako atazame akuulize maswali: Uzi ulikuwa na urefu gani? Mkono wako uliuvuta mpaka wapi? Mbona mara ya pili ulikuwa mrefu kuliko ya kwanza, na uzi hupungua? Sindano uliiweka wapi ulipojikuna?

Wengi hufanya makosa ya namna moja: wanakimbia, na wanamwonyesha mtazamaji kuwa wanashona. Kwa kidole cha kushoto utawajua. Kidole kisichoogopa kuchomwa hakina sindano juu yake. Mtu akipata ule mchomo mdogo, mabega hushuka, pumzi hutulia, na anaacha kukumbuka kwamba anatazamwa. Nimewaona watu waliokuwa hawawezi hata kutaja majina yao mbele ya wenzao wakikaa dakika tano kimya na kiwanda kizima kikawatazama bila kupepesa.

Asiyejua kofia achukue kazi anayoijua: kuparuza samaki, kukuna nazi, kumfunga punda mzigo, kunywa kahawa chungu katika kikombe kidogo kinachounguza vidole. Kazi iwe ya mikono yako kweli.

Hatua ya nne: kusikiliza

Zoezi hili limetoka kwa Sanford Meisner, mwalimu wa Kimarekani aliyefundisha New York tangu miaka ya 1930. Ni rahisi kulieleza, gumu kulifanya. Mnaketi wawili mnaelekeana. Mmoja anasema anachokiona kwa mwenzake, mwenzake anarudia.

"Umevaa kikoi cha buluu."
"Nimevaa kikoi cha buluu."
"Umevaa kikoi cha buluu."
"Nimevaa kikoi cha buluu."

Endeleeni hivyo. Usibadilishe maneno kwa kuchoka, wala usitie mbwembwe. Baada ya muda kitu kitatokea kwa mmoja wenu: jicho litakwepa, tabasamu litachomoza. Hapo ndipo maneno yanapobadilika, kwa kuwa kilichoko mbele yako kimebadilika. "Umekwepa." "Nimekwepa." "Umekwepa!" "Nimekwepa, ndiyo."

Wiki mbili za mwanzo utajiona unapoteza wakati. Vumilia. Siku moja utagundua kwamba sentensi moja imetoka kinywani mwako kwa namna ambayo hukuipanga, kwa sababu mwenzako alikusemesha kwa namna ambayo hukuitarajia. Jibu la swali la bibi yangu liko hapo. Huwezi kuwatazama watazamaji na wakati huo huo ukasikia mwenzako amemeza mate kabla ya neno.

Hatua ya tano: maandishi, na kitenzi chenye mtu ndani

Sasa chukua karatasi. Mchezo mzima bado usiuguse. Tumia kipande kama hiki, nilichokiandikia kikundi chetu:

A: Umerudi.
B: Nimerudi.
A: Na hicho?
B: Hiki hakikuhusu.
A: Keti, basi.
B: Siketi.

Maneno haya peke yake hayana maana. Maana unaileta wewe. Mrusi Konstantin Stanislavski, aliyezaliwa mwaka 1863 na mwaka 1898 akashiriki kuanzisha jumba mashuhuri la maigizo mjini Moscow, aliwataka waigizaji wake wazijue kwanza hali za mhusika: ni nani, yuko wapi, ni lini, kumetokea nini kabla. Kisha wajiulize: lau mimi ningekuwa katika hali hizo, ningefanya nini? Kiswahili kina neno lililokaa tayari kwa kazi hiyo, "lau", na mimi huwaambia wanafunzi waanze kila zoezi kwa kulitamka.

Jibu maswali haya kwa maandishi, kwa nafsi ya kwanza, kabla hujafungua kinywa. Mimi ni nani kwa huyu? Tuko wapi, saa ngapi? Kimetokea nini muda mfupi uliopita? Nataka nini kutoka kwake? Kinanizuia nini? Nikikosa, nitapoteza nini?

Kisha chagua kitenzi. Kama kuna kitu kimoja tu utakachokishika katika mwongozo wote, naomba kiwe hiki. Kitenzi cha mwigizaji lazima kikubali kumbeba mtu ndani yake: kum-bembeleza, kum-tisha, kum-pima, kum-nyamazisha, kum-tuliza, kum-tega. Ukiniambia "hapa nahuzunika", hakuna unachoweza kufanya isipokuwa kukunja uso. Ukiniambia "hapa namwomba asiondoke", mwili wako wote umepata kazi. Tazama sarufi yetu ilivyo mwalimu mwema: ile "-m-" ndogo ndiyo mwenzako. Ikikosekana, mwenzako hayumo katika mchezo wako, uko peke yako na machozi yako, kama nilivyokuwa mimi.

Jihadhari na vitenzi vinavyodanganya. "Kumkasirikia" kina "-m-", lakini unaweza kumkasirikia mtu mwaka mzima naye asijue. Kipimo ni hiki: nikimfanyia, atajua? Nitaona usoni mwake kwamba kimefika? Kama sivyo, tafuta kingine. Badala ya kumkasirikia, kumwaibisha. Badala ya kumpenda, kumlisha.

Turudi kwenye kipande. Mara ya kwanza, A ni mama, B ni mwanawe aliyekaa Mombasa miaka miwili bila hata kupiga simu. Amekuja usiku, mkononi ana bahasha. Mama anataka mwana alale nyumbani leo. "Umerudi": anampima, ni yeye kweli au kivuli chake. "Na hicho?": anamchokoza kidogo ili aseme. "Keti, basi": anambembeleza. Mwana anataka kuacha bahasha na kuondoka kabla moyo haujalainika, kwa hiyo "Siketi" ni kumzuia, mlango wa mwisho aliobakiwa nao. Tulipocheza hivi, aliyekuwa mama, mvuvi wa miaka 50, aliliweka "Keti" chini kabisa, kama mtu anayetandika mkeka. Aliyekuwa mwana akasema "Siketi" na magoti yake yakapinda. Hakuna aliyewafundisha hilo.

Mara ya pili, A na B ni wavuvi wawili walionunua injini ya mashua kwa ubia. B amerudi kutoka kuiuza bila idhini, na mkononi ana mfuko wa pesa. Maneno ni yale yale. "Umerudi" sasa ni kumnasa. "Keti, basi" ni kumtega. Mara ya tatu mpange wenyewe, iwe hali mnayoijua hapa kwenu. Chezeni kila hali mara tano, na kila mara mbadilishe kitenzi kimoja tu, muone kipande kizima kinavyohama.

Stanislavski mwenyewe alianza kwa kuwahimiza waigizaji wachimbe kumbukumbu zao ili wapate hisia, na miaka yake ya mwisho kabla ya kufa mwaka 1938 akaegemea zaidi vitendo vya mwili. Nami nasimama hapo. Usiende kuufukua msiba wako ili ulie jukwaani. Msiba wa kweli una heshima yake, na usiku ule ukiufukua, kesho utaamka nao. Fanya kitendo, mfanyie mwenzako. Machozi yakija, yamekuja.

Hatua ya sita: kukariri bila mahadhi

Wengi wetu tumepita chuoni, yaani chuo cha Kurani, tumehifadhi, na tumelelewa na tenzi zilizosomwa kwa sauti. Kumbukumbu hiyo ni neema. Lakini ina jambo moja la kuangalia: tumezoea kuhifadhi kwa mahadhi, na maneno ya mchezo yakiingia kichwani na mahadhi, hayatoki tena bila mahadhi. Utamsikia mtu anaomba maji kama anasoma utenzi.

Dawa yake ni hii. Usikariri kwa sauti peke yako ukirudia namna moja. Soma kimya mara kadhaa, hakikisha unajua unataka nini katika kila sentensi, kisha sema maneno huku unafanya kazi: unafagia, unatembea kwenda Shela kwa miguu, unaosha vyombo. Mara moja haraka, mara moja polepole, mara moja kwa mnong'ono. Mpe mwenzako asome nafasi zote nyingine, na kila leo abadilishe namna ya kukusemesha. Kariri vilevile neno la mwisho la mwenzako kabla ya lako, na zaidi ya hapo, kariri sababu inayokufanya umjibu. Ukisahau maneno jukwaani, sababu itakuokoa. Utasema kitu kilicho karibu na mchezo utaendelea.

Hatua ya saba: watu watano kabla ya watu mia

Ikifika wiki ya tisa au ya kumi, chagueni kipande cha dakika tano. Tamthilia zinazosomwa skuli hupatikana kwa urahisi na zina mazungumzo ya watu wawili yanayofaa. Chagueni pale mtu mmoja anapotaka kitu na mwingine anamnyima. Alikeni watu watano tu. Asiwepo anayependa kusifu kila kitu. Baada ya mchezo msiwaulize kama umependeza. Waulizeni: huyu alikuwa anataka nini kwa yule? Wakijibu sawa na mlivyoandika katika daftari, mmefanya kazi. Wakijibu vingine, rudini kwenye vitenzi.

Woga utakuja. Mikono itatetemeka, kinywa kitakauka. Kabla ya kutoka, bonyeza nyayo zako sakafuni, toa pumzi yote kwa "sss", na ungoje mwili uivute wenyewe. Kisha mtafute mwenzako kwa macho na utazame kitu kimoja kwake ambacho hukukiona jana: kifungo, kovu, namna alivyofunga kilemba. Woga unataka uusikilize wenyewe. Ukiwa na kazi ya kumtazama mtu, woga haupati nafasi.

Simu ya mkononi ni mwalimu mzuri ukiitumia kwa kiasi. Jirekodini mara moja kwa wiki, mtazame wote pamoja, kisha mfute. Kamera iko karibu kuliko mtazamaji yeyote, kwa hiyo kile ulichokuwa ukikipeleka mpaka ukuta wa nyuma sasa kipeleke kwa mwenzako tu, kwa sauti ya mezani. Kitenzi hakibadiliki, ukubwa wake ndio hupungua. Kama baadaye mnataka hadhira kubwa, kuna Tamasha la Utamaduni la Lamu, ambalo aghalabu huwa mwezi wa Novemba. Kwa Malindi, ulizeni vikundi vya ngoma na utamaduni vya huko, mara nyingi hupenda kupata kipande cha mchezo baina ya ngoma mbili.

Usiku ule ule baada ya kucheza mbele ya watu watano, kabla hujalala, fungua daftari. Andika ni sentensi gani uliacha kumsikia mwenzako ukaanza kujisikia mwenyewe. Itakuwepo, hata kwa waliozoea. Itie mstari, na siku ya mazoezi inayofuata mwanzie hapo, kwa sentensi hiyo tu, mara kumi.